Usinunue kompyuta ya injini kabla ya kupima waya wa volti 5

Swali: Fundi, asalaam aleikum. Mimi ni dereva wa teksi, naishi Likoni na kila siku navuka feri kwenda kisiwani. Gari langu ni dogo la Kijapani la mwaka 2012, la petroli, gia otomatiki. Mwezi wa tatu nilifungiwa trakari (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) kwa sababu gari ni la mkopo. Mvua za Mei zilipochanganya, taa ya injini ikaanza kuwaka na kuzima. Siku hizi gari hushtuka kama limekatiwa mafuta, mshale wa mizunguko ya injini unaanguka hadi sifuri, taa kadhaa zinawaka kwenye dashibodi, halafu baada ya muda mfupi kila kitu kinarudi. Mshale wa spidi hauanguki. Mashine ya kupimia (skana) ilisoma namba za hitilafu P0107, P0122 na U0100. Nimeshabadilisha sensa ya presha ya hewa na throto nzima, namba zikarudi zile zile. Sasa naambiwa kompyuta ya injini imekufa, nitafute nyingine iliyotumika. Je, ninunue?

Jibu: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Usinunue. Kwa maelezo uliyotoa, kompyuta ndiyo ninayoishuku mwisho kabisa, na hizo spea mbili ulizokwisha kuzitoa yawezekana zilikuwa nzima. Ninachokiona mimi ni waya wa volti 5 unaogusa bodi ya gari mara kwa mara. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, kisha nikuonyeshe namna ya kuhakikisha kwa mita ya kawaida ya dijitali, ile ile ya kupimia betri.

Tuanze na namba zenyewe. P0107 inasema volti zinazofika kompyuta kutoka kwenye sensa ya presha ya hewa ya manifoldi (bomba linalopeleka hewa kwenye injini) ni ndogo mno. P0122 inasema vivyo hivyo kuhusu sensa ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Kompyuta haina jicho la kuitazama sensa. Inaona volti kwenye pini yake, basi. Volti hizo zikishuka, kwake ni mamoja sensa ikiwa imekufa, waya umekatika njiani, soketi imeingia maji, au umeme wa kulisha sensa hauendi. Kwa hiyo namba ya hitilafu inakuambia upime njia gani. Haikuambii ununue nini. Hapa ndipo pesa za madereva wengi wa mji huu zinapopotelea: skana inasoma "sensa ya throto", na saa hiyo hiyo mtu anatumwa dukani.

Sasa zitazame hizo nyaya. Sensa ya throto na ya presha huwa na njia tatu: waya unaoleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, waya wa ethi (upande wa hasi) unaorudi kwenye kompyuta hiyo hiyo, na waya wa habari. Sensa hugawanya zile volti 5 kulingana na hali inayoipima. Mlango wa hewa ukiwa umefungwa, waya wa habari huwa na chini ya volti 1. Ukifunguka wote, hupita 3. Pengine utajiuliza kwa nini watengenezaji hawakutumia umeme wa betri moja kwa moja. Betri haitulii. Gari likiwa limezimwa, betri iliyojaa ina kama volti 12.6, injini ikizunguka, alternata huipandisha hadi 14 na zaidi kidogo, ukipiga stata inaweza kushuka hadi 10. Sensa inayopima juu ya msingi unaopanda na kushuka hivyo ingetoa habari za uongo kutwa nzima. Kompyuta hutengeneza volti 5 zilizotulia ndani yake na kuzitoa nje kwa sensa.

Na hizo volti 5 hazitoki kwa waya mmoja mmoja kwa kila sensa. Hugawanywa. Waya mmoja unaweza kulisha throto, presha ya hewa na nyinginezo; magari mengine yana njia mbili za namna hiyo, na yakigundua kasoro hutoa P0642 kwa njia ya kwanza au P0652 kwa ya pili. Waya huo ukichubuka mahali pamoja tu na kugusa chuma cha injini, volti 5 zinaanguka hadi karibu na sifuri kwa kila sensa iliyo juu yake. Kompyuta inaona throto ina volti ndogo, presha ina volti ndogo, yote kwa dakika moja. Sensa mbili zisizohusiana hazifi pamoja, zikafufuka pamoja, zikafa tena. Hilo lingetosha kumfanya fundi wako wa kwanza aache spana na achukue mita.

Ushahidi wa pili ni U0100, na huu ndio ulionifanya niandike jibu refu. Namba zinazoanza na U huhusu mtandao wa gari, yaani nyaya ambazo kompyuta zake huongea kupitia kwazo, na U0100 haitoki kwenye kompyuta ya injini. Hutolewa na kompyuta nyingine, kwa mfano ya breki za ABS, ikilalamika kwamba imeacha kuisikia ya injini. Mafundi wengi wakiiona husema "kompyuta imekufa". Lakini katika injini nyingi za Toyota, volti 5 za sensa zikipigwa shoti hadi ethi, yaani waya wake ukigusa upande wa hasi, kichakataji cha kompyuta chenyewe husimama kwa sababu umeme wake unategemea chanzo hicho hicho. Injini inakata, skana haiwezi kuongea nayo, na taa ya injini huenda isiwake kabisa. Shoti ikiondoka, kompyuta inaamka kana kwamba hakuna lililotokea. Hukutaja aina ya gari lako, ila dalili zako zinakaa ndani ya maelezo hayo bila kulazimishwa.

Kisha kuna lile la mshale wa spidi, na nakushukuru kwa kulitaja maana wengi hawaliangalii. Mshale wa mizunguko hupata habari zake kutoka kompyuta ya injini. Spidi, katika magari mengi ya umri wa lako, hutoka kwenye sensa za magurudumu kupitia kompyuta ya ABS. Kama mtandao wote ungekuwa umeanguka, mishale yote ingelala pamoja. Wako mmoja umeanguka na mwingine umebaki hai. Maana yake mtandao unafanya kazi, dashibodi inafanya kazi, ABS inafanya kazi, na mmoja tu amenyamaza: kompyuta ya injini.

Mtandao huo unaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuutengeneza mwaka 1983 na kuutangaza Detroit mwaka 1986, kwa sababu magari yalikuwa yanaelemewa na nyaya: kila kompyuta ilitaka waya wake kwa kila habari. CAN iliziweka zote kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kompyuta ya injini ikitangaza mizunguko, wote wanasikia, na kila mmoja anachukua kinachomhusu. Wawili wakianza kusema kwa pamoja, mambo huenda kama kwenye baraza la wazee wetu: mdogo humwachia mkubwa amalize, kisha husema lake, na hakuna neno lililopotea. Ukubwa huo umo kwenye namba ya ujumbe. Namba iliyo ndogo zaidi ndiyo hutangulia. Ujumbe wa breki hausubiri wa kiyoyozi.

Nyaya zile mbili huitwa CAN ya juu na CAN ya chini. Zikiwa kimya, zote ziko kwenye volti 2.5. Ujumbe ukipita, ya juu hupanda hadi kama 3.5 na ya chini hushuka hadi 1.5. Anayepokea hupima tofauti iliyo kati ya nyaya hizo mbili, kwa hiyo kelele za umeme kutoka kwenye koili au alternata zikiziingia zote sawa, tofauti inabaki vile vile. Ndiyo sababu zimesokotwa. Fundi anayezinyoosha na kuziacha mbali mbali, kwa kuona ndiyo kazi safi, anaiondoa kinga hiyo.

Mwanzoni na mwishoni mwa njia hiyo kuna kizuizi cha umeme cha omu 120 (omu ni kipimo cha ukinzani) kila upande. Vikipimwa pamoja vinatoa omu 60, na namba hiyo ndiyo zawadi kubwa kwa mtu mwenye mita ya bei nafuu. Toa waya wa hasi wa betri, subiri dakika chache, kisha pima omu kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani. Ukipata karibu 60, njia ni nzima. Ukipata 120, upande mmoja umekatika au kompyuta yenye kizuizi imechomolewa. Karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Ukipata kama 40, kuna kizuizi cha tatu ambacho hakikuwepo gari lilipotoka kiwandani, yaani mtu ameongeza kitu. Magari mengine huweka geti, yaani kompyuta inayopitisha habari, kati ya soketi hiyo na mtandao wa injini, kwa hiyo kipimo cha hapo hakikuambii habari za ng'ambo ya pili. Lakini kwa gari dogo la 2012 mara nyingi utaifikia njia yenyewe. Kosa moja usilifanye: usipime omu betri ikiwa imeunganishwa. Mita itakupa namba, na namba hiyo haina maana yoyote.

Kwa gari lako natarajia utapata 60 hapo, na tutarudi kwenye volti 5. Kazi yenyewe iko huko.

Rudisha waya wa betri, kisha washa ufunguo bila kupiga stata. Chomoa soketi ya sensa ya presha ya hewa, weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri na mwekundu uguse pini moja moja ya ile soketi inayotoka kwenye waya za gari. Pini moja lazima iwe na volti 5 au karibu nazo sana, tuseme kati ya 4.8 na 5.1. Irudishe soketi, nenda throto, ufanye hivyo hivyo. Kwa kuwa kasoro yako inakuja na kuondoka, yumkini utapata 5 safi mara ya kwanza na uone nimekupotosha. Usiondoe mita. Mwombe mtu aitazame wakati wewe unashika fungu la nyaya na kulitikisa kidogo kidogo, kuanzia kwenye throto, kupita nyuma ya injini, penye mabano ya chuma, karibu na sahani ya betri, hadi linapopenya ukuta kuingia ndani. Mahali ambapo 5 itaanguka hadi 0 ukilisogeza, hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Iwapo volti 5 hazipo kabisa, acha mita ikiwa imeunganishwa na uchomoe sensa nyingine za njia hiyo moja baada ya nyingine. Zikirudi mara tu ulipochomoa sensa fulani, hiyo ndiyo yenye shoti ndani. Zisiporudi hata zote zikiwa nje, shoti iko kwenye waya. Ni pale tu utakapochomoa soketi ya kompyuta yenyewe, ukapima waya wa volti 5 hadi bodi na kuukuta hauna shoti, umeme wa betri na ethi za kompyuta zikiwa zinafika vizuri, na bado haitoi 5, ndipo mtu anayo haki ya kuitaja kompyuta.

Hizo ethi zisipuuzwe. Kompyuta hurudisha umeme wake kwa nyaya zilizofungwa kwa bolti kwenye injini, na injini nayo ina waya mnene wa kwenda bodi na betri. Weka mita kwenye volti, waya mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi kama volti 0.2, bolti zifunguliwe na kusuguliwa hadi chuma king'ae. Kupima omu hapo hakusaidii, maana hata uzi mmoja wa shaba uliobaki utaonyesha omu ndogo ilhali hauwezi kubeba mzigo.

Kuna kipimo kingine chepesi ninachokipenda kwa sababu ya mahali tunapoishi. Sensa ya presha, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, inapima hewa ya nje tu. Mombasa iko usawa wa bahari, kwa hiyo skana lazima ionyeshe karibu kilopaskali 100. Gari hilo hilo likiwa Nairobi lingeonyesha kama 83, na lingekuwa zima. Ukiona 15 ukiwa Likoni, hiyo si hewa, ni waya. Joto nalo ni hivyo hivyo: sensa zake zina nyaya mbili, ukinzani wake hupungua joto likipanda, na njia yake ikikatika skana huonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri. Asubuhi kabla ya kuwasha gari, joto la maji na la hewa yanapaswa kukaribiana na joto la nje, ambalo hapa kwetu ni ishirini na kitu.

Sasa nikuambie ningeanzia wapi kutafuta kama gari lingekuwa mbele yangu. Kwanza ningemfuata aliyefunga trakari. Simlaumu, kwa sababu sikuiona kazi yake, lakini tarehe zinasema: nyaya ziliguswa mwezi wa tatu, mvua zikaja, na Mei ugonjwa ukaanza. Wafungaji wengi huchubua waya kwa kisu, husokota wa kwao juu yake na kuzungusha tepu. Kiangazi chote inakaa. Katika joto letu gundi ya tepu huyeyuka, tepu hufunguka, na unyevu wenye chumvi huingia kwenye shaba. Chumvi ya baharini hunyonya maji kutoka hewani hata siku isiyo na mvua, na shaba ikianza kuota ukungu wa kijani, unga huo hutembea ndani ya mpira wa waya mbali na pale unapouona. Wewe unavuka kivuko kila siku, gari lako linapata mvuke wa bahari kuliko la mtu wa bara. Sehemu nyingine ni soketi ya throto yenyewe, kwa kuwa imeshafunguliwa throto ilipobadilishwa. Raba yake ya kuzuia maji ikianguka chini hairudi. Na ukikuta alama za meno kwenye nyaya, ni panya, na panya hawaishii kwenye waya mmoja.

Ukilipata jeraha, usikubali tepu tena. Kata sehemu yote iliyoota kijani hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, unganisha kipande cha waya wa unene ule ule, tia lehemu au kiungo cha kubana, kisha vika mpira unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani. Panga viungo visikae sambamba mahali pamoja. Kama ni nyaya za CAN, zisokote tena kama zilivyokuwa. Fungu lote lifungwe mbali na chuma chenye ncha na mbali na bomba la ekzosi. Soketi zisafishwe kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme. Zisisuguliwe kwa msasa, kwa maana msasa huondoa madini yaliyopakwa kwenye pini, na pini iliyovuliwa hivyo haimalizi msimu hapa pwani.

Nakuomba pia umkataze yeyote kuchomeka taa ya kupimia, ile yenye balbu, kwenye nyaya za kompyuta. Balbu huvuta mkondo mkubwa kuliko ambao waya wa sensa ulikusudiwa kubeba, na inaweza kuunguza kompyuta iliyokuwa nzima. Nimeona magari yaliyoletwa na kasoro ya waya yakaondoka yakihitaji kompyuta kweli.

Na hata ikifika hapo, kompyuta iliyotumika haichomekwi ikafanya kazi kama balbu. Namba ya spea lazima iwe ile ile, na kwa magari yenye ufunguo unaotambuliwa na kompyuta, itakataa kuwasha hadi ioanishwe na ufunguo wako. Muulize muuzaji mambo hayo mawili kabla ya kutoa pesa, pamoja na kama atairudisha isipokubali. Ukiifunga bila kuitibu shoti, ya pili nayo itasimama kama ya kwanza, na muuzaji atasema umeiunguza mwenyewe.

Trakari usiitoe bila kuwaambia wenye mkopo. Waombe wamlete mfungaji wao, na uwepo wakati anafungua ili uone ameshika nyaya zipi. Zipige picha. Kisha niandikie vipimo vinne: volti za pini ya volti 5 kwenye throto na kwenye presha wakati nyaya zinatikiswa, volti kati ya injini na hasi ya betri wakati wa stata, omu kati ya pini ya 6 na ya 14, na presha ambayo skana inaonyesha injini ikiwa imezimwa. Taja na aina ya gari pamoja na injini yake, nikuambie ni sensa zipi nyingine zimepanda juu ya waya huo.